Wimbo wa Kumi na Moja

Binti wa mdogo wangu ana nyimbo milioni kwenye simu yake, na hakuna hata mmoja anaousikiliza mpaka mwisho. Namtazama pale mezani. Anabonyeza, anasikiliza sekunde kumi, anakunja pua, anabonyeza tena.

"Yiran," nikamwambia, "huo nao umekukosea nini?"

"Unachelewa kuanza, shangazi."

Ati unachelewa kuanza! Mimi nasubiri mwisho wa wimbo mmoja tangu mwaka tisini na sita, na mpaka leo hii ninapowaambia haya, sijui unasema nini. Na si kwamba sikuupata. Niliupata. Ngojeni niwaeleze, kisha mseme wenyewe nani mjinga.

Jina langu Kuang Suzhen. Ninaongea kwa kelele, mnisamehe. Nimekaa miaka kumi kwenye mashine za kufuma katika kiwanda cha pamba hapa Wuhan, na ukikaa pale unazoea kupiga kelele hata ukiomba chumvi. Mama alikuwa kwenye mashine hiyo hiyo kabla yangu. Alipofariki, mwaka themanini na sita, nikapewa nafasi yake. Ndivyo ilivyokuwa siku zile, mzazi akiondoka mtoto anashika pale pale alipoachia. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Baba alishatangulia. Mdogo wangu Lisheng alikuwa na miaka tisa, na kwa mwezi mzima alikataa kula supu yoyote isiyokuwa na ladha ya supu ya mama. Basi nikaenda kwa majirani, nyumba baada ya nyumba, nikauliza mama alikuwa anatia nini kwenye ile supu ya mbavu, mpaka nikaipata. Nimemlea mimi. Mtu asije akaniambia nilisaidiwa.

Mwaka tisini na sita mambo mawili yalitokea kwa mpigo. Lisheng aliingia chuo kikuu kusoma Kiingereza, na mimi nikapunguzwa kazini. Wanawake mia tatu siku moja, kila mmoja na cheti cha shukrani na blanketi. Blanketi, mwezi wa saba, na joto la Wuhan! Nikalikalia hilo blanketi nikiuza soksi kwenye kichochoro cha nyuma ya chuo, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa na ndugu zake pwani ya kusini akanionyesha biashara ya magunia.

Biashara yenyewe ilikuwa hivi. Kule kwa Wazungu, kampuni za muziki zilikuwa zinatengeneza sidii nyingi kuliko wanunuzi. Zinazobaki, wanazipitishia msumeno ukingoni ili zisiuzike tena, halafu wanaziuza kwa uzito, plastiki ya kuyeyushwa. Takataka hizo zilikuja kwetu kwa meli. Huko kusini mtu mmoja mwenye akili akaitia moja kwenye mashine, ikaimba. Maana sidii inasomwa kuanzia katikati kwenda nje, na msumeno unang'ata ukingo tu. Nyimbo za mwanzo zinapona, za mwisho zinakufa. Kwa hiyo sisi wa siku zile tulijua mwanzo wa kila kitu cha Wazungu, na mwisho wake hatukuujua.

Gunia langu la kwanza lilikuwa zito kuliko mimi. Na siku ya kufungua gunia, jamani, ilikuwa vita. Wanafunzi, walimu, mafundi wa saa, yule daktari wa meno mwenye kitambi, wote wanakaa wamechuchumaa kuzunguka turubai tangu asubuhi. Redio haikupiga vitu hivyo, magazeti hayakuvitaja, kwa hiyo walichagua kwa kuangalia picha. Mwenye ndevu nyingi ana gitaa kubwa. Ukiona ziwa, utasinzia. Na majina ya Wazungu hayatamkiki, basi kila mwimbaji alipewa jina la kwetu: Mjomba Kofia, Wale Mapacha Wenye Njaa, Bwana Harusi.

Lakini sheria zilikuwepo. Mkono wa kwanza ndio wenye mali: ukiigusa sidii kwanza ni yako, hakuna kunyang'anyana. Ukiiweka chini umeiacha. Na sheria ya tatu ilikuwa yangu mimi: mwenye gunia haokoti. Muuzaji anayechambua kwanza na kuficha kizuri, siku wateja wakimjua, asirudi kichochoroni. Kama kuna kitu anakitaka kwa ajili ya ndugu yake, akitaje kwa sauti mbele ya watu, "Hiki cha mdogo wangu," na hakuna atakayemkatalia.

Katika gunia lile la kwanza kulikuwa na sidii moja iliyobaki chini. Hakuna aliyeitaka, msumeno uliingia ndani sana. Juu yake kuna mwanamke amesimama kwenye theluji, viatu ameshika mkononi. Nikamwonea huruma, nikampelekea Lisheng. Tukamwita Shangazi Pekupeku.

Ninyi hamjui. Tulikuwa na mashine moja ndogo ya kusikilizia na waya mmoja wa masikioni. Sikio moja langu, sikio moja lake. Mchana, watu wamejilaza kwa joto, sisi tumekaa kwenye kitanda cha mianzi tumeegemeana vichwa. Kijitabu cha maneno ya nyimbo kilichokuwa ndani ya kasha nacho kilipitiwa na msumeno, kila mstari hauna mkia. Lisheng anasoma Kiingereza chake, akifika kwenye tundu anatunga mwenyewe. "Aliniacha kituoni na..." anasimama, ananitazama. "Na nini?" nauliza. "Na kabati la vyombo," anasema. Nacheka mpaka nashika mbavu. Sijawahi kucheka hivyo tena.

Nyimbo kumi zilipona. Wa kumi na moja ulianza tu. Hakuna gitaa, hakuna ngoma, ni Shangazi Pekupeku peke yake, unasikia anavyovuta pumzi. Lisheng akatafsiri: "Mama, siku nikirudi nyumbani..." Halafu krrr-krrr-krrr, msumeno.

Akarudisha nyuma. Krrr-krrr. Akarudisha tena. Kwenye kijitabu, kona ya wimbo huo ilikuwa imekwenda yote.

"Anamwambia nini?" akauliza.

"Nani?"

"Mama yake. Siku akirudi, nini?"

"Labda anamwambia apike."

Hakucheka. Akakaa na ule waya sikioni, mashine imezimwa. Baadaye akaniambia, "Dada, siku ukiiona nzima niite. Hata kama niko kwenye mtihani, njoo uniite dirishani."

"Nitakuita."

"Apa."

"Naapa kwa mama."

Nimeapa kwa mama. Likumbukeni hilo, maana mimi nililisahau siku ambayo sikutakiwa kulisahau.

Basi kila gunia, Lisheng alikuwa wa kwanza kuchuchumaa. "Bado?" "Bado." Ukawa ndio salamu yetu. Miaka miwili ikapita, na mdogo wangu akawa mtu pale kichochoroni. Masikio alikuwa nayo, hilo siwezi kumnyima. Yeye na wenzake walikuwa na kijigazeti chao cha kurudufu, anaandika mambo ya Wazungu hawa utadhani amelelewa nao. Watu wakawa wanakuja kumwuliza yeye, si mimi. Nami nilijivuna! Nilikuwa nawaambia wateja, "Yule mdogo wangu, yule." Namlipia chuo kwa magunia hayo, na yeye anayapa magunia jina. Niliona tuko pamoja.

Mwezi wa sita mwaka tisini na nane, alikuja na msichana mmoja mwenye nywele fupi, Ji Wanqing, na marafiki watano sita wa kijigazeti. Huyo Wanqing, mtoto mwenye adabu, alishika sidii mbili akaniuliza mimi, "Dada, hapa ungechukua ipi?"

Nikafurahi kuulizwa. Nikamwambia, "Hiyo ya kushoto iache. Huyo anaimba kama mtu anayeogopa majirani."

Nimesema kwa sauti yangu hii ya kiwandani. Kichochoro kizima kikageuka. Wanqing akacheka, cheko zuri tu. Lakini Lisheng nikamwona uso umemwiva. Aliniona aibu. Aproni yangu, sauti yangu, soksi ambazo bado nilikuwa naziuza pembeni. Akasema, "Usimsikilize dada, yeye anajua kilo tu. Kwake hizi na kabichi ni mamoja."

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, tena kuwazidi.

Kabichi! Kabichi ndiyo iliyokulisha wewe, ukapata shingo ya kuinulia kichwa! Lakini sikusema. Nilikwenda nyuma nikapanga magunia yaliyokwisha kupangwa. Nikajiambia kesho atakuja ataniomba radhi. Kesho akaja, akala, akaondoka. Kesho kutwa hivyo hivyo. Ulimi hauna mfupa, wanasema, lakini mbona aliyechomwa nao anaumwa kama amevunjika?

Wiki mbili baadaye gunia likaja. Joto la kuchemsha yai. Nikalimwaga juu ya turubai, mikono ishirini ikaingia, na mimi kazi yangu ni kuzitandaza ili zisimwagike. Mkono wangu ukagusa kasha. Theluji. Viatu mkononi. Nikaligeuza: msumeno ulikuwa umepita kwenye kona ya kasha tu, sidii yenyewe haina hata mkwaruzo. Nzima. Inatokea, moja katika elfu, inapokuwa imepangwa kichwa chini.

Lisheng alikuwa mbele yangu, magoti kwa magoti. Nikafungua mdomo. Wallahi nilifungua mdomo, neno "Lisheng" lilishafika kwenye meno. Ndipo akasema bila kuinua macho, "Dada, sogea bwana, unatuzibia mwanga."

Nikasogea. Nikasogea nayo, chini ya aproni.

Sikukusudia kuiweka. Nataka mnielewe hapo. Niliitia mfukoni kwa siku mbili tatu, mpaka aseme samahani kwa ile kabichi. Neno moja tu. Hata angesema kwa utani ningempa, ningemrushia kichwani na kumwambia haya, chukua, mjinga wewe. Jioni ile nilipika supu ya mbavu na mizizi ya yungiyungi, supu ya mama, nikamtengea, nikangoja. Akala bakuli mbili akisoma kitabu.

Siku moja mchana nikaisikiliza peke yangu, ncha zote mbili za waya masikioni mwangu, na sikio la pili lilikuwa linanishangaza, sikulizoea. Nyimbo kumi nazijua. Wa kumi na moja ukaanza, akavuta pumzi, nikafumba macho nikisubiri msumeno. Msumeno haukuja. Akaendelea. Dakika nne nzima mwanamke yule anaongea na mama yake, na mimi sielewi kitu. Nilishika neno "mama" mara tatu, maana mama ni mama kila mahali. Mwishoni akatoa kisauti, sijui alicheka, sijui alilia. Basi, kimya.

Mimi nilikuwa na wimbo bila lugha, yeye alikuwa na lugha bila wimbo, na kati yetu kulikuwa na kabichi. Nililia, sioni haya kusema. Kisha nikaiweka kwenye kopo la biskuti, pamoja na picha ya mama, vyeti vya vifo na kile kitabu cha serikali chenye majina ya watu wa nyumba, nikafunika.

"Bado?" aliniuliza gunia lililofuata.

"Bado."

Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Ya pili ukalainika. Ilipofika ya kumi, nilikuwa nasema "bado" huku nahesabu chenji. Alikuwa ameanza kuwaandikia barua wauzaji wa kusini. Alikuwa anaota maneno ya kujazia. Wakati mwingine ananiambia, "Dada, nadhani anamwambia, mama, siku nikirudi nyumbani usiniulize nimekula nini." Nami najibu, "Labda." Ukikawia kusema ukweli, unageuka kuwa kitu kingine, nikimpa leo ataniuliza uliipata lini. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nilingoja mpaka tumbo likafa ganzi.

Halafu, majira ya kuchipua mwaka elfu mbili, akaacha kuuliza. Ghafla tu. Gunia likafunguliwa, akachuchumaa, akachambua, akaondoka. Nikasema moyoni, afadhali, amekua.

Alipohitimu akaenda Shenzhen, akapata kazi ya kutafsiri mikataba. Akaoa huko, akamzaa Yiran. Kila Mwaka Mpya anakuja. Na kila anapokuja ni mgeni. Ananiita "Dada Suzhen", kama karani anavyoita jina kwenye foleni. Namtengea supu, anashika bakuli kwa mikono miwili, anasema, "Ahsante sana, pole kwa usumbufu." Usumbufu! Supu ya mama yako usumbufu? Ananitumia matunda ya bei mbaya, kochi la kukanda mgongo, sijui mashine ya kusafisha hewa. Kukaa na mimi saa moja, hapana.

Basi nikamsema. Miaka ishirini na nne nimemsema, kwa majirani, kwa wenzangu wa kiwandani, kwa mwanamke wa tambi za ufuta pale kona. Nimemsomesha kwa mgongo huu, leo ananiona takataka. Elimu imemharibu. Mtoto wa watu wa mashine amejifanya bwana. Na watu wote wakanipa haki yangu. "Ndivyo walivyo, Dada Kuang, ndivyo walivyo."

Mwaka jana Yiran akapata chuo hapa hapa Wuhan, na mwisho wa juma anakuja kulala kwangu. Mwezi wa kumi baba yake alikuja kumwona. Tukawa mezani watatu, adhuhuri, supu inafuka. Yiran alikuwa na kazi ya darasani, anatakiwa picha ya zamani ya mtu wa ukoo.

"Shangazi, una picha ya bibi?"

"Ipo kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati," nikasema. Hivyo tu, na kijiko mdomoni. Uzee huu.

Nikamsikia anaburuta kiti. Nikamsikia anafungua kifuniko. Halafu: "Eh, shangazi! Huyu si ndiye yule wa kwako, baba? Yule wa theluji? Na sidii yenyewe haijakatwa!"

Kijiko changu kikasimama. Nilimtazama Lisheng. Hakuinua uso. Akachukua kipande cha mzizi, akakitafuna, akameza.

"Rudisha," akamwambia mwanawe. "Hiyo ni ya shangazi yako."

"Lakini baba, wewe si ulisema ulitafuta..."

"Nimekwambia rudisha, Yiran."

Nikasema, "Lisheng, ngoja. Nitakueleza."

"Hakuna haja, Dada Suzhen. Ninajua iko hapo."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu mwaka elfu mbili. Chuo walitaka kitabu cha majina ya nyumba kabla ya kuhitimu. Nilikuja kwenye turubai nikakuuliza kiko wapi. Ukaniambia kwenye kopo la biskuti." Akafuta mdomo kwa leso. "Ulikuwa unampimia mtu sidii zake. Hata hukugeuka."

Sikumbuki. Naapa sikumbuki, na najua ni kweli, maana hivyo ndivyo ninavyosema, bila kugeuka.

"Sasa mbona hukuichukua?" nikamwuliza, na sauti yangu kwa mara ya kwanza maishani ikawa ndogo. "Ungeichukua tu! Ungenitukana!"

"Mkono wa kwanza ulikuwa wako."

"Lisheng!"

"Nilidhani unaniwekea. Kweli. Nilifurahi, nikarudi chuoni nakimbia. Nikasema dada ameniwekea zawadi ya kuhitimu. Nikahitimu, ukanipa viatu. Nikasema basi, ni ya harusi. Ukanipa mablanketi. Alipozaliwa Yiran nikasema leo. Kila Mwaka Mpya nimepanda treni nikisema mwaka huu atanipa." Alikuwa anaongea polepole kama anayesoma mkataba. "Halafu nikaacha kusema."

Yiran amesimama na kopo kifuani, anatuangalia kwa zamu.

"Mimi nilikuwa nasubiri uniombe radhi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa kabichi!"

"Kabichi gani?"

Akanitazama, na nikaona hatanii. Nikamweleza. Wanqing, sidii mbili, majirani, kilo, kabichi ni mamoja. Nikamwambia hata shati alilovaa. Alikunja uso, alijaribu kabisa, niliona anavyotafuta.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema!"

"Sikumbuki, dada."

Alisema "dada" tu, bila Suzhen. Miaka ishirini na nne sijaisikia, na imekuja pamoja na "sikumbuki". Yaani mimi nimelibeba jiwe lile tangu ujana mpaka nywele zimeota mvi, na aliyelirusha hajui kama aliwahi kushika jiwe.

Yiran, masikini, akataka kusaidia. Watoto wa sasa wanadhani kila kitu ni kukosa mtandao. "Lakini upo huu wimbo wenu wa kumi na moja," akasema, "ngojeni," na kabla hatujamkataza ameshaubonyeza. Sauti ikatoka kwenye simu, pale katikati ya mabakuli. Shangazi Pekupeku akavuta pumzi. Sote wawili tuliinamisha vichwa upande mmoja, kila mtu kwenye sikio lake la zamani, na ilipokaribia pale pa msumeno niliona mabega ya Lisheng yanapanda, kama yangu. Akanyoosha mkono, akaifunika simu kwa kiganja.

"Zima," akasema.

"Hukuwahi kuusikia?" nikamwuliza. "Miaka yote hii, na upo bure kwenye simu?"

"Sikutaka kuusikia huko."

Nikainuka, nikalichukua kopo kwa Yiran, nikaitoa. Nikaifuta kwa aproni, nikampa kwa mikono miwili, mimi, mkubwa, nikampa mdogo kwa mikono miwili. "Ni yako," nikasema. "Ilikuwa yako tangu siku ile, niliapa kwa mama. Nisamehe. Lakini nakuomba kitu kimoja. Ukishausikiliza, niambie anamwambia nini. Sitaki Yiran aniambie, sitaki simu iniambie. Niambie wewe, kama ulivyokuwa unanisomea."

Akaipokea. Akaitazama ile kona iliyokatwa ya kasha, akaipitishia kidole gumba. Akaitia kwenye mkoba wa kazi, kati ya makaratasi, akafunga zipu.

"Ahsante sana, Dada Suzhen," akasema. "Pole kwa usumbufu."

Akavaa viatu akaenda kuwahi treni. Supu ilibaki nusu.

Hiyo ni mwezi wa kumi. Jumapili iliyofuata nikampigia. Nikamwuliza watu wa nyumbani, nikamwuliza hali ya hewa, nikamwuliza kama ile mashine ya kusikilizia bado anayo. Anayo. Inafanya kazi. Basi nikauliza.

"Bado," akasema. "Kazi zimenibana."

Nikampigia Jumapili nyingine, na nyingine. Mwaka Mpya hakuja, alituma machungwa. Yiran ananihurumia. "Shangazi, nikutafsirie mimi? Dakika moja tu, nakuapia." Nimemwambia akithubutu atatafuta pa kulala. Sitaki kwa Yiran. Ningetaka maneno tu, ningeyapata kwa kidole siku yoyote, kama Lisheng naye alivyoweza.

Jana ilikuwa Jumapili. Nikapiga, akapokea mlio wa tano.

"Bado?" nikamwuliza.

"Bado."

Nikasema sawa, msalimie wifi, nikakata, nikaenda kukoroga supu. Wala sikumlaumu. Ile "bado" naijua. Nimeisema mimi mwenyewe karibu miaka miwili, kwa sauti ile ile, na kitu chenyewe nilikuwa nacho ndani ya kopo.